Pikipiki inachemka baada ya kufanyiwa modi: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Hii ni kwa mwenye pikipiki inayopozwa na upepo, hizi CG za Kichina za 125 na 150, Boxer, TVS, Honda zenyewe, ambaye kaiongezea vitu alafu ikaanza kuchemka. Kaweka bloku kubwa, au ekzosi ya wazi, au kabureta kubwa, eaklina (chujio la hewa) ya koni, CDI ya resi (kiboksi cha umeme kinachopanga cheche ya plagi, cha mashindano), na mara nyingi ni vitu viwili vitatu kwa pamoja siku moja kwa fundi mmoja. Wiki ya kwanza inakimbia vizuri, baadae ukipanda mlima inakosa nguvu, miguu inaungua, na fundi anakwambia nunua oil cooler, kile kifaa cha kupoza oili. Usinunue bado. Pikipiki yako ilipokuwa standadi ilikuwa haichemki kwenye barabara hiyohiyo na mzigo huohuo, kwa hiyo kuna joto jipya limeingia, na hilo joto lina mlango lilipoingilia. Tafuta mlango kwanza.

Elewa kitu kimoja kabla hujashika spana. Petroli unayochoma, kama robo tu ya nguvu yake ndo inafika kwenye gurudumu. Inayobaki ni joto, kubwa linatoka na moshi na lingine lote linabidi litoke kupitia mapezi ya bloku na hedi pamoja na oili. Mapezi yalipigiwa hesabu kiwandani kwa ukubwa wa injini ile. Chukua CG 125: pistoni 56.5 mm, mwendo wa pistoni 49.5 mm, inakupa cc 124. Ukiweka pistoni ya 62 mm unapata cc 149, yani kila mzunguko inachoma mafuta zaidi kwa kama asilimia 20, wakati hedi ni ileile na bloku nyingi za kuongeza zina mapezi yaleyale. Sio kwamba haiwezekani, watu wanatembea nazo, ila inamaanisha nafasi ya kukosea kwenye vitu vingine imekwisha.

Kwanza hakikisha kweli inachemka

Injini ya upepo ni ya moto kawaida. Tone la maji likichemka kwenye hedi sio ugonjwa, maana hedi nzima inatembea juu ya nyuzi 100. Bomba la ekzosi kugeuka bluu karibu na hedi, hiyo nayo peke yake sio ugonjwa. Milio midogo midogo baada ya kuzima ni chuma kinapoa.

Dalili za kweli ni hizi. Nguvu inashuka baada ya kutembea muda, ukiipumzisha inarudi. Ukivuta resi kwenye mlima unasikia mlio mkavu wa kugonga ndani ya hedi. Ikipata moto inakataa kuwaka mpaka ipoe. Gia zinakuwa ngumu na nyutro haipatikani ikiwa ya moto lakini asubuhi iko sawa. Oili inanuka kuungua ndani ya kilometa chache. Bomba linawaka jekundu usiku. Ukiwa na mbili tatu kati ya hizi kwa pamoja basi endelea kusoma.

Kama unaweza azima au nunua ile bunduki ya kupima joto, siku hizi sio ghali. Ila kuna mtego, alumini inayong'aa inaidanganya bunduki, inasoma joto dogo kuliko lililopo. Paka doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa karibu na plagi, pima hapo hapo kila siku, ukiwa umetoka kwenye safari ileile. Hedi karibu na plagi ikiwa kati ya 120 na 200 sina ugomvi nayo, ikigusa 230 na kuendelea simama, alumini inaanza kupoteza ugumu wake na pistoni iko njiani kukamata, yani kung'ang'ania kwenye bloku.

Na ikianza kukamata ukiwa barabarani, ile unahisi inavutwa nyuma ghafla, kamata klachi hapohapo, funga resi, pisha magari, zima. Usimwage maji. Hata kidogo. Hedi ya moto ikimwagiwa maji inapinda au inapasuka, na hapo umetoka kwenye tatizo la jeti (kitundu cha kabureta kinachopima mafuta) umeingia kwenye tatizo la kununua hedi. Iache kivulini nusu saa, na usipige kiki kabla haijapoa.

Andika orodha ya kila kilichobadilishwa

Watu wanaruka hatua hii na ndo inayookoa hela nyingi kuliko zote. Chukua karatasi, andika kila kitu kilichoguswa na lini, alafu andika joto lilianza lini. Rudi kwa fundi udai spea zako za zamani, ile CDI ya mwanzo, kabureta ya mwanzo, jeti zake, eaklina na boksi lake. Hizo ndo vifaa vyako vya kupimia. Fundi akikwambia kazitupa, tafuta za kuazima kwa mwenzako mwenye pikipiki kama yako, maana njia nyepesi ya kujua kitu fulani ndo mchawi ni kukirudisha cha zamani ukatembea siku moja.

Na sheria ya kazi yote hii ni moja: unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, unaandika, ndo unaenda kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo ikapona, hujui kilichoiponya, na ikizidi kuumwa hujui kilichoiua.

Vitu vya bure

Oili. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, sehemu tambarare. Kwenye Honda na CG nyingi kijiti cha oili kinatumbukizwa bila kufungwa nyuzi, ukikifunga unasoma uongo. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, 20W-50 inafaa kwa joto la kwetu kwa injini hizi nyingi ila kitabu cha pikipiki yako ndo kina neno la mwisho. Oili za gari nyingine zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza, na klachi inayoteleza inatengeneza joto ndani ya oili hiyohiyo inayotakiwa kupoza. Oili usizidishe nayo, ikizidi inapigwapigwa na kuchemka.

Mapezi. Tope la mvua likikauka katikati ya mapezi linafanya kazi ya blanketi. Osha ikiwa imepoa, tumia brashi ya meno na sabuni. Alafu angalia mbele ya injini kuna nini: gadi kubwa za kukinga injini, plastiki za kuzuia tope, boksi la spika, bango. Upepo lazima uone hedi. Rangi nene ya kupaka bloku ing'ae nayo inazuia joto, itoe.

Breki na cheni. Nyanyua gurudumu la nyuma, zungusha kwa mkono, lizunguke lenyewe. Nimeona watu wanahangaika na kabureta wiki nzima kumbe breki ya nyuma imekaza inavuta muda wote. Na kama sproketi zimebadilishwa kwa ajili ya spidi, ya mbele kubwa au ya nyuma ndogo, injini inabeba mzigo kwa mizunguko midogo na resi imefunguliwa sana, hiyo nayo ni joto, hasa ukipakia mshikaki, abiria wawili na zaidi. Rudisha za standadi wakati wa majaribio.

Hewa inayoingia pasipotakiwa

Kabla ya kugusa jeti lazima ujue hakuna hewa ya wizi, maana ukirekebisha jeti huku mpira wa kabureta umepasuka utakuwa unarekebisha uongo. Kabureta kubwa ikifungwa kwenye mpira wa zamani mara nyingi haikai sawa, na ile oringi ya kwenye flenji watu wanairudishia iliyobanjuka.

Washa, iache sailensa (iungurume yenyewe bila kuvuta resi), puliza maji ya sabuni kwa chupa ya kunyunyizia kwenye maungio yote kati ya kabureta na hedi. Muungurumo ukibadilika au povu likivutwa ndani umepata. Watu wanatumia petroli kwa jaribio hili, mimi nakataza, hedi ya moto na petroli ni moto wa kweli. Angalia pia ekzosi pale inapofunga na hedi, gasketi ya pale ikivuja unasikia inapiga mabomu ukifunga resi kwenye mteremko.

Mchanganyiko wa hewa na mafuta, hapa ndo penyewe

Ukiniambia umeweka ekzosi ya wazi na eaklina ya koni na hukugusa jeti, sina haja ya kusikia zaidi. Injini sasa inavuta hewa nyingi na mafuta ni yaleyale, inatembea kavu. Kimahesabu petroli inaungua yote kwa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, lakini injini ya upepo ikiwa imefunguliwa resi yote inapenda kama 12.5 mpaka 13 kwa 1, hayo mafuta ya ziada yanapoza chumba cha kuchomea na yanaikinga isigonge. Ikiwa kavu unapata vyote viwili, joto na kugonga.

Jaribio la choki ni la dakika moja. Tembea kwenye spidi ile inayoleta shida, vuta choki nusu. Ikipata nguvu badala ya kuzubaa, ilikuwa kavu. Ikizubaa na kutoa moshi mweusi, mafuta yanatosha hapo, tafuta kwingine.

Alafu soma plagi vizuri. Weka plagi mpya, pasha injini, tafuta barabara salama iliyonyooka, gia ya tatu au ya nne resi yote kama nusu kilometa, alafu kwa wakati mmoja kamata klachi na zima swichi, iache ijisukume mpaka isimame, fungua plagi hapohapo. Ukiifungua baada ya kuiacha sailensa unasoma habari ya sailensa. Kauri nyeupe kabisa, au yenye vidoa vinavyong'aa vya alumini, ni kavu na ni hatari, usiendelee kutembea nayo hivyo. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi ya masizi ni mafuta mengi. Kwa petroli ya sasa rangi inachelewa kuja, kwa hiyo angalia ndani kabisa kule chini kauri inapoanzia.

Sasa kujua ni sehemu gani ya kabureta, bandika kipande cha tepu kwenye hendo ya resi na weka alama za robo, nusu, robo tatu. Kuanzia kufungwa mpaka kama moja ya nane ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano. Robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Ikichemka ukitembea mjini kwa resi ya nusu alafu wewe unabadilisha jeti kubwa, hutapona.

Anza na jeti kubwa. Panda namba moja moja, mfano 98, 100, 102, 105, mpaka ukifika resi yote injini inakuwa nzito na kubwabwaja, alafu rudi namba moja nyuma. Nunua jeti zenye namba. Kutoboa jeti kwa waya au sindano ya cherehani ni mchezo unaoendelea kwenye vijiwe vingi na unaniudhi kweli, tundu linakuwa la pembe, hakuna anayejua ni namba ngapi, na ukitaka kurudi huna pa kurudi. Ikikaa jeti kubwa nenda kwenye sindano: klipu ukiishusha alama moja sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Mwisho ndo skrubu ya sailensa. Ikiwa upande wa eaklina inapima hewa, ukiifunga unaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, ukiifunga unapunguza. Wengi wanachanganya hapa.

Kuna ukavu mwingine usiotoka kwenye jeti. Kifuniko cha tanki kimeziba tundu la hewa, au kichujio cha mafuta ni cha bei ya chini na hakipitishi, mjini huoni shida ila ukifungua resi kilometa tano mfululizo bakuli la kabureta linakauka. Ikianza kukosa nguvu simama, fungua kifuniko cha tanki, ukisikia inavuta hewa umepata jibu.

Na mwinuko wa mahali. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ya Mbeya na Iringa nayo ni nyepesi hivyohivyo ukilinganisha na ya Dar. Pikipiki iliyowekewa jeti Mbeya ikawa sawa kabisa, ukiishusha Dar inakutana na hewa nzito na inakuwa kavu, tena kwenye joto la Februari. Ukihamia pwani panda jeti namba moja au mbili ujaribu upya. Ukipanda bara ni kinyume chake.

Moto wa plagi na CDI

CDI ya resi inapandisha kikomo cha mizunguko na nyingi zinawahisha cheche pia. Cheche ikiwahi sana moshi unaanza kusukuma pistoni ikiwa bado inapanda, unasikia kugonga na joto linabaki kwenye hedi. Ikichelewa sana mafuta yanaungua mpaka yanatoka, bomba linakuwa jekundu na injini ni mvivu. Rudisha CDI ya zamani, ni soketi tu unachomoa na kuchomeka, tembea njia ileile. Joto likishuka achana na hiyo ya resi. Mwenye taa ya taimingi aangalie alama ya F kwenye sumaku ikiwa sailensa.

Plagi nayo ina namba ya joto. Kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, D8EA ndo ya CG nyingi, na kwa bloku iliyoongezwa inayotembea mlimani D9EA inasaidia. Ila plagi ya baridi haitibu ukavu, inaficha tu, na sailensa mjini itashika masizi. Weka baada ya jeti kukaa sawa.

Bloku, pistoni na hedi

Kama yote ya juu yako sawa na bado, fungua. Hapa tafuta fundi mwenye maikromita, sio wa kupima kwa kidole.

Mgandamizo kwanza. Turudi kwenye ile CG 125, tuseme mgandamizo wake ni 9 kwa 1, maana yake chumba cha hedi ni kama cc 15.5. Ukiweka pistoni ya 62 ya juu bapa kama ya mwanzo na hedi ileile, chumba ni kilekile lakini kinachogandamizwa ni cc 149, mgandamizo unaruka mpaka 10.6. Hujachonga hedi wala nini, umepanda wenyewe. Kwa petroli ya kawaida na jua la kwetu hapo inagonga. Dawa ni gasketi nene ya chini ya bloku, au hedi ya injini kubwa yenye chumba chake. Na jaza mafuta kituo unachokiamini, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga mapema zaidi, ndo sababu mojawapo EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia mafuta, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010.

Nafasi kati ya pistoni na bloku. Iliyobanwa sana inasugua, ikipata moto pistoni inatanuka haraka kuliko bloku na inakamata. Fuata kipimo cha aliyetengeneza pistoni, na kwa pistoni nyingi za saizi hizi ni sehemu chache za mia za milimita, 0.03 mpaka 0.05. Pistoni yenye mikwaruzo pande nne ilikuwa na nafasi ndogo au ilipashwa haraka. Mikwaruzo upande wa ekzosi tu, ni joto la ukavu. Ringi nayo iingize kwenye bloku peke yake upime mwanya wake kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa pistoni ya 56 mpaka 62 kama 0.20 mpaka 0.25 mm. Ncha za ringi zikigusana zikiwa za moto zinachana bloku.

Silikoni. Naomba nisikilizwe hapa. Ile silikoni nyekundu inayopakwa kwenye gasketi mpaka inatoka nje, ndani nayo inatoka vilevile, inaziba njia ya oili ya kupanda kwenye hedi. Fungua kifuniko cha tapeti injini ikiwa sailensa, rokaamu (vyuma vinavyosukuma valvu) ziwe zimelowa oili. Zikiwa kavu na nyeusi za kuungua zima mara moja, njia imezibwa au gasketi imegeuzwa na tundu halikutani.

Tapeti pima injini ikiwa baridi, pistoni juu kwenye alama ya T na valvu zote zimefungwa. Kwa CG ni 0.08 mm, nyingine fuata kitabu. Fundi anayekaza tapeti ili zisilie anaua valvu ya ekzosi, maana valvu inapoa pale inapokaa kwenye siti yake, na iliyobanwa haikai sawasawa.

Pistoni mpya inachemka kidogo siku za mwanzo, hiyo ni kawaida. Kilometa 500 za kwanza usizidi nusu ya resi, usibebe mzigo, badilisha spidi mara kwa mara, alafu mwaga oili. Ukiitoa kwa fundi ukapakia abiria wawili kupanda mlima Kitonga siku hiyohiyo, hakuna jeti itakayokuokoa.

Oil cooler sasa

Ukishamaliza yote na bado kwenye mlima mrefu oili inazidi nyuzi 130, hapo ndo inakuwa na maana. Ifungwe panapopita upepo, mabomba yasiguse ekzosi, na ukumbuke oili inaongezeka kidogo, pima upya. Kwa pikipiki ya biashara inayotembea mchana na usiku, mimi ningerudisha bloku ya standadi na kuacha sproketi tu zirekebishwe kulingana na barabara, maana siku moja ya kijiweni kusubiri bloku inakula faida ya cc zote ulizoongeza.

Ikishatulia tembea kilometa 500, iache ipoe usiku mzima, kaza nati za hedi kwa msalaba kwa kipimo cha kitabu, pima tapeti tena, fungua plagi uiangalie, na hizo namba za jeti na plagi ziandike chini ya siti kwa maka peni ili fundi anayefuata asianze kubahatisha.